Mwambie Baba Yako

Siku tulipomzika mama, binamu yangu aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alisimama pembeni ya jeneza, akakohoa kidogo, akasoma kwamba katika maisha yote ya ndoa yao baba na mama hawakuwahi kusikika wakigombana. Chini ya turubai watu waliguna kwa kuridhika, kama walioonja mtori uliokolea. Mzee mmoja wa jumuiya akasema kwa sauti, "Hiyo ndiyo ndoa." Mimi nilikuwa mstari wa mbele na kanga yangu begani, nikasikia damu inanipanda kichwani. Uongo mtupu! Tena uongo wa kumtukana marehemu mbele ya jeneza lake. Ningekuwa bado msichana wa miaka kumi na sita ningemrushia kile kiti cha plastiki, lakini sasa nina mvi, nina wakwe waliokuja kunizikia, nikauma meno. Kuna kipindi ambacho maneno yale yalikuwa ya kweli kabisa, na ndicho kipindi kibaya kuliko vyote nilivyoishi. Nitasimulia mwaka wake mmoja tu, ule wa mwisho, na atakayekasirika na akasirike.

Nyumba yetu ya Kibosho ilikuwa na sebule upande wa juu na jiko la kuni upande wa chini, katikati uwanja ambao mvua ikinyesha unakuwa utelezi mtupu. Baba alikaa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kudarizi ambavyo mama alivishona enzi za uchumba wao. Mama alikaa jikoni kwenye kigoda, macho mekundu kwa moshi. Mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa barabara yao. "Resti, mwambie baba yako chakula tayari." Nakimbia. "Resti, mwambie mama yako mimi sili ndizi za jana." Narudi. "Mwambie baba yako hapa si hotelini." Nakimbia tena, na utelezi ule, na mvua ile. Na usidhani tatizo lilikuwa umbali. Hata tukiwa meza moja, magoti yanagusana, mama anamtazama baba usoni, bado neno lilipitia kwangu: "Resti, mwambie baba yako asogeze chumvi." Nageuka, nasema, "Baba, mama anaomba chumvi," kana kwamba mzee alikuwa Nairobi. Naye anaisukuma chumvi kwangu, mimi naisukuma kwa mama. Wadogo zangu walikua wakidhani ndivyo watu wanavyokula.

Chanzo kilikuwa kahawa. Kwetu kahawa ni ya mwanamume na ndizi ni ya mwanamke. Mtoto analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bei ya kahawa ilipoporomoka, na baba akapunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika alikokuwa akipima mizigo ya wenzake, alifunga begi akaenda Mwanza kutafuta maisha. Akakaa kimya huko. Mama akangoja, akangoja, halafu asubuhi moja akashika panga akashuka sehemu ya chini ya kihamba, shamba letu la nyumbani, kule kwenye mfereji, akaikata mibuni yote ya upande ule akapanda migomba. Ndizi zinaliwa na zinauzika sokoni. Buni huwezi kumpikia mtoto uji. Baba aliporudi, hakuingia ndani kwanza. Alishuka kule chini akasimama kwenye visiki. Mibuni ile aliipanda babu, na kwetu mwanamke kukata kahawa ya mwanamume ni sawa na kumvua nguo barabarani. Alipopanda juu nilikuwa mlangoni, mama yuko nyuma yangu na kikombe cha chai mkononi. Baba akaniambia mimi, "Resti, mwambie mama yako nataka maji ya kuoga." Nilikuwa bado shule ya msingi. Nilidhani ni hasira za siku moja.

Nilipofika sekondari, shule ya kutwa ya masista, niliipenda kama wengine wanavyopenda sukari. Mwalimu akiniambia neno, lilikuwa neno langu. Niliandika, nikabaki nalo. Lakini nyumbani mizigo ilizidi. Nilipokuwa kidato cha pili walianza kuniuliza na sura: "Aliposema hivyo, alikunja uso?" Nikaanza kuchelewa kurudi. Nikitoka shule nashuka Moshi mjini, nazurura kwenye mitumba iliyokuwa imeanza kumwagwa kila kona, nakaa mtaa wa Majengo na wasichana wasio na kengele ya darasa, nakunywa mbege mpaka miguu inakuwa mizito. Halafu ikafika ile asubuhi. Mwalimu wa hisabati, mtu mpole wala hakuwa na ubaya, aligeuka kutoka ubaoni akasema, "Restituta, mwambie mwenzako afunge dirisha." Mwenzangu alikuwa karibu naye kuliko mimi! Ana masikio mawili! Nilinyanyuka, nikashika stuli, nikalifunga lile dirisha kwa namna yangu. Vioo vilimwagika mpaka kwenye maua ya Sista Mkuu.

Ukoo ukakaa. Wakasema nina pepo; kikundi cha maombi kikaja kikanipigia kelele masikioni, pepo hakutoka kwa sababu hakuwamo. Baba Mkubwa Inyasi, kaka yake baba, akaja na fimbo ya mti wa kahawa, na naona hakujua alichochagua. Fimbo nayo haikutoa kitu. Ndipo likaletwa jina la shangazi yetu aliyekuwa akiishi huko chini kwenye mashamba ya miwa, ana watoto wadogo, anahitaji mtu wa kufua. "Aende akafue nepi," Baba Mkubwa alisema, "akili itamrudi." Kwenda kule kulikuwa na maana moja: shule kwisha. Sista Mkuu, kwa upande wake, alisema nafasi yangu ya kidato cha tatu ataishika mpaka shule zifunguliwe Januari, ila nirudi nikiwa nimepita kwa mshauri wa parokia kule Rau, na mshauri mwenyewe amwambie kwamba ninafaa. Basi hapo ndipo maisha yangu yalipowekwa: Rau au miwa. Nilitaka kurudi shule kuliko nilivyotaka kula, na ningekufa kabla ya kumwambia mtu yeyote wa nyumba ile.

Mshauri tulimkuta kwenye chumba kilichoungana na stoo ya mahindi, kinanuka dawa ya wadudu. Alikuwa mama wa Kihaya aliyeolewa pale Rau, mnene, ana mwanya, ana mfuko wa karanga mapajani. Mama Koku. Kama unangoja niseme alikuwa na upole wa Bikira Maria, utangoja sana. Tulimwamkia, akaitika huku anamenya. Baba, ambaye alikuwa ameshuka mlimani nyuma ya pikapu ya ndizi kwa aibu kubwa, hakukaa. Akasema, "Mama, mgonjwa ndiye huyu. Sisi tutamfuata jioni."

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Basi nendeni naye," Mama Koku akasema. "Mimi mtoto peke yake simtibu. Nikimnyoosha hapa mchana, mnamkunja kule jioni. Mnakaa wote au mnaondoka wote."

"Mimi sina wazimu," baba akasema.

"Kuna aliyesema unao? Kaa."

Baba alikaa, kwenye benchi moja na mama, kwa sababu hapakuwa na benchi jingine. Mama akavuta kanga yake, ikakataa kuja. Akasema, kama kawaida, "Resti, mwambie baba yako ananikalia kanga." Nikageuka, nikafungua mdomo, na yule mama wa karanga akasema, "Funga mdomo." Nikaufunga. Nilishtuka, nikamchukia hapo hapo. Akamgeukia baba. "Baba Resti, wewe ni kiziwi?" Baba akasema hapana. "Umesikia mama alichosema?" Akasema amesikia. "Amesemaje?" Baba akatazama bango la lishe bora ukutani, akatazama mahindi mlangoni, mwisho akasema, "Muulize mtoto." Mama Koku aliacha kumenya. Nadhani ndiyo mara ya pekee niliyomwona akiacha. Wazazi wangu wakaanza kunong'ona Kichagga, kila mmoja akinielekezea mimi, naye akagonga meza: "Kiswahili! Kama mnanisengenya, nami nisikie." Halafu akatoa dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa hii: kuanzia siku ile mtoto hapeleki neno. Mwenye neno alipeleke kwa miguu yake. Na kila Jumamosi turudi, wote.

Dawa ikaanza kuua. Siku ya kwanza chakula kiliiva, mama akakaa jikoni, baba akakaa sebuleni, mimi nikakaa uwanjani na meno nimeyabana, na machalari yakapoa sufuriani mpaka mafuta yakaganda juu. Hakuna aliyekwenda kumwita mwenzake. Wadogo zangu walilia njaa. Siku iliyofuata mama alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau, akasema, "Kwa hiyo sasa umekuwa bosi." Halafu wakavumbua. Bandani tulikuwa na ng'ombe mmoja, jike, tulimwita Bibi Harusi kwa sababu ya kipaji cheupe usoni. Baba akashuka bandani na mzigo wa majani, mama yupo anakamua, baba akasema, "Bibi Harusi, mwambie huyo mama viatu vyangu vimelowa." Na mama, bila kuinua uso kwenye kiwele: "Bibi Harusi, mwambie huyo baba jua liko nje, halilipiwi." Yesu na Maria! Ng'ombe anatafuna, anawatazama. Nilikwenda nyuma ya banda nikacheka mpaka nikatapika, halafu nikakasirika vibaya sana, kwa sababu niliona jinsi nilivyokuwa. Kazi yangu ya miaka yote ile, ng'ombe aliiweza siku moja.

Jumamosi zikapita, mahindi ya stoo yakapungua, wao wakaendelea kunyamaza kwenye benchi lile. Mvua za vuli zikaja zikakatika. Baba Mkubwa akachoka kungoja. Jumamosi moja alishuka nasi Rau, kavaa koti, mkononi ana chipukizi la isale, lina majani marefu. Akamweleza Mama Koku kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba Wachagga tuna dawa yetu: mkosaji akimpelekea aliyemkosea isale, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa ndugu. "Huyu atampigia baba yake magoti, atampa isale, baba yake atapokea, kesi imekwisha. Wewe unamwambia Sista, mtoto anarudi shule. Tusipotezeane muda." Akanishikisha. Shule ilikuwa hapo mkononi mwangu. Ilikuwa kupiga magoti tu! Na baba alikuwa amekwisha kujiweka sawa, mikono iko tayari kupokea.

Mama Koku akauliza, "Anayepeleka ni mkosaji?"

"Ndiyo."

"Na hapa mkosaji ni nani?"

Baba Mkubwa akacheka, akaninyooshea kidevu. Sijui niseme nini kilinipata, ila magoti yalikataa. Nikasema, "Kioo cha shule nilivunja, nitamwomba Sista radhi. Nyumbani kwetu nimemkosea nani?" Kulikuwa na stuli tupu kati yetu, nikaliweka lile isale juu yake nikasema, "Mwenye kosa aokote." Baba Mkubwa akanyanyua mkono. "Hapa hapigwi mtu," Mama Koku akasema. "Mkono ukikuwasha, piga lile gunia." Tukakaa. Baba alitazama isale, mama alitazama isale, na kila mmoja nilimwona kabisa akimngoja mwenzake. Baba Mkubwa aliondoka anatukana kwa Kichagga. Sisi tuliondoka jioni, na isale likabaki kwenye stuli. Njia nzima ya kupanda nilijua nimejichimbia shimo la miwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa tulikuta Mama Koku amelitia lile isale kwenye kopo la maziwa lenye maji, nalo limeota mizizi. Isale huota popote, ukilitupa jalalani litaota, sitaki mtu anipe mahubiri juu yake. Mama Koku alisema hana jipya. "Jumatatu Sista ataniuliza. Nitamwambia ukweli. Mtoto huyu haumwi. Ila nyumba anayolala inaumwa, na kesho keshokutwa itamvunjisha dirisha jingine. Sasa sijui atamchukua au hatamchukua."

Baba akasimama. Akasema, kwa ukuta, "Basi aende kwa shangazi yake. Yamekwisha."

Mama akanigeukia: "Resti, mwambie baba yako mwanangu haendi kwenye miwa." Sikusema. Nilitazama dari. "Resti! Mwambie!" Ulimi ulikuwa unaniwasha, Mungu shahidi, neno lile lilikuwa la kunitetea mimi, ni mimi niliyekuwa nauzwa, na nilichotakiwa ni kugeuza shingo tu. Nilitazama dari, machozi yakanishukia masikioni. Ndipo mama akasimama naye, akageuka mwili mzima, akapiga ukelele, "Aloisi!" Kwa jina! Mwanamke wa Kibosho, mbele ya mgeni, kumwita mumewe kwa jina lake la ubatizo! "Aloisi! Mwanangu haendi kwenye miwa!"

Baba aliyumba kana kwamba amesukumwa. Kisha akamtazama, yeye, si mimi. "Ulinikatia kahawa yangu," akasema.

"Niliikata! Na ningeikata tena! Watoto watafune buni?"

"Kahawa ya baba yangu! Ungeningoja!"

"Nikungoje wapi? Mwanza hukuleta hata salamu!"

"Niliona haya, Felista! Nimefukuzwa kazi, nirudi na nini mkononi?"

"Urudi na miguu yako! Nani alikuomba kingine?"

Hapo wakaingia Kichagga, wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake, mate yanaruka, miaka yote ile ikamwagika kwenye chumba cha mahindi. Mama Koku hakugonga meza safari hii. Alichukua mfuko wake wa karanga, akaniambia, "Wewe, toka nje. Ugomvi huu si wako." Si wako! Katika nyumba yetu nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba kuna kitu si changu. Nikatoka, nikakaa kwenye baraza nikisikiliza ngurumo zile, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji akasimama akaniuliza kuna msiba. Nikamwambia, "Hapana, ni baba na mama wanagombana." Nilisema kwa kuringa, kama mwingine anavyosema wazazi wake wamenunua gari.

Nilirudi shule. Mama Koku alimwambia Sista nini sijui. Sikugeuka malaika, muhula ule nilipigana na mtu kwenye foleni ya bomba. Na baba na mama hawakugeuka njiwa. Waligombana kuanzia siku ile mpaka mama anaingia hospitali: kwa sababu ya redio, kwa sababu ya mbolea, kwa sababu ya nani kaacha geti wazi, na kahawa, daima kahawa. Majirani walisikia, huyo binamu yangu mwenye wasifu wake alisikia vizuri sana. Lakini nilikula chakula kikiwa cha moto, na nilipewa chumvi bila kuipeleka popote. Mwezi uliopita jirani yangu mmoja alimburuta kijana wake kwenda kwa mshauri, amemshika ukosi, anamtangaza njia nzima. Nikamuuliza, "Na wewe unaingia saa ngapi?" Hajaniamkia tangu siku hiyo, na asiniamkie.

Mama tulimlaza kule chini, kwenye migomba yake, pale pale ilipokuwa kahawa. Jioni, watu wakiwa juu wanakula, nilishuka kupanga mashada yaliyokuwa yameangushwa na upepo. Nikasikia fimbo ya baba. Alikuwa ametoka kwenye ua, kiatu kina tope, mkononi ana isale, bichi, amelikata mwenyewe.

"Resti."

"Abee, baba."

"Mpelekee mama yako hili." Akaninyooshea. "Mwambie..."

Na mkono wangu, mshenzi huyu, ulikuwa umekwisha kunyooka. Baada ya miaka yote hii bado unaijua njia. Nikaurudisha, nikaishika mikono yangu nyuma.

"Mpelekee mwenyewe, baba. Mwambie mwenyewe."

Alinikazia macho kwa hasira. "Mkaidi kama yeye," akasema. Alinipita, akainama kwa shida, akaliweka isale katikati ya maua. "Haya, Felista. Chukua." Akajishikilia kwenye msalaba. Halafu sauti yake ikapanda: "Lakini ile kahawa ulinikosea! Ungeningoja! Na hata sasa ungeningoja!"

Nikapanda juu, nikamwacha. Mlangoni nikapishana na binamu yangu, sahani mkononi, anachungulia bondeni. "Mjomba anaongea na nani kule?"

"Anagombana na mke wake," nikamwambia. "Waache."